Kichwa Kilichogongwa na Hofu Isiyoondoka

Mtu aliyegonga kichwa kisha akasimama mwenyewe, akajitaja jina na kupanda gari la wagonjwa kwa miguu yake, huhesabiwa amepona kabla hata maradhi yake hayajaanza. Ndivyo alivyohesabiwa mdogo wangu. Gari alilokuwamo lilipinduka, naye akatoka na mkwaruzo kwenye paji la uso na dakika chache ambazo hazikumbuki. Hospitalini walimmulika machoni, wakamuuliza tarehe, wakampiga CT skani. Picha ikatoka safi. Jioni ile ile alikuwa nyumbani, nasi tukashukuru kama wanavyoshukuru watu wote walionusurika msiba.

Yaliyofuata hayakuja kwa mkupuo. Mwanzoni kichwa kilimuuma, mwanga ulimchoma macho, na alipoteza maneno katikati ya mazungumzo. Tukaambiwa hiyo ni kawaida, na kweli ni kawaida. Kisha, maumivu yalipokuwa yanaanza kupungua, zikaja dalili za namna nyingine. Breki ikilia nje, yeye anaruka kitandani. Usiku anaweweseka. Kiti cha mbele cha gari hakitaki kabisa. Mtoto akiangusha sahani anafokewa kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kutoka kwake. "Dada," aliniambia siku moja, "najua niko salama, lakini mwili wangu haunisikii."

Daktari mmoja alisema huu ni mtikisiko wa ubongo, apumzike utaisha. Mwingine akasema ubongo hauna kitu, hii ni hofu, apelekwe kwa mshauri nasaha. Mshauri naye alipoona neno "ubongo" kwenye faili, akasita na kuturudisha kwa daktari wa neva. Kila mlango ulitaka tuamue kwanza: ni ubongo au ni akili?

Nimesoma sana tangu wakati huo, nimeuliza wataalamu, na nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa. Swali lile limewekwa vibaya. Kwa watu wengi pigo lile lile moja limejeruhi ubongo na limepanda hofu, na majeraha hayo mawili yanalishana. Anayesubiri kwanza ijulikane ni lipi kati ya hayo mawili anapoteza muda wa mgonjwa.

Tuanze na jinsi jeraha linavyopewa daraja. Kipimo kinachotumika karibu dunia nzima ni kile cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinaangalia mgonjwa anafunguaje macho, anajibuje, na anasogezaje viungo vyake, kisha kinatoa alama kuanzia 3 hadi 15. Aliyepata 13 au zaidi, akapoteza fahamu kwa muda usiozidi dakika 30, na kumbukumbu yake ikavurugika kwa muda usiozidi saa 24, huwekwa kwenye kundi la jeraha dogo. Ni kipimo kizuri sana kwa kazi yake, yaani kumtambua haraka mtu ambaye damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu. Lakini kinachopimwa hapo ni saa za mwanzo. Miezi ijayo ya mtu huyo haimo kwenye hesabu. Na CT skani nayo inaona damu na mfupa uliovunjika. Nyuzi nyembamba za neva zilizovutwa haizioni. Picha safi maana yake ni kwamba hakuna cha kupasua leo.

Ndani ya fuvu mambo ni mengine. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo unaendelea kwenda na kujipinda, na nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu zake zinavutwa. Kuta za seli za neva zinalegea: potasiamu inatoka, kalsiamu inaingia, na glutameti, kemikali ambayo seli huitumia kuchocheana, inamwagika kupita kiasi. Seli zinahitaji nguvu nyingi kurudisha mizani, na wakati huo huo mtiririko wa damu umepungua. Christopher Giza na David Hovda waliueleza mfuatano huu mwaka 2001, na ndio unaoeleza kwa nini mtu mwenye picha safi anachoka kwa kusoma ukurasa mmoja. Kwa walio wengi vurugu hili hutulia ndani ya majuma kadhaa, au miezi mitatu. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu mgonjwa anayeamini kwamba ubongo wake umeharibika milele huanza kusoma kila usahaulifu wa kawaida kama ushahidi.

Sasa hofu. Kuna mzunguko wa sehemu tatu za ubongo unaohusika sana. Amigdala hutambua hatari na kuuamsha mwili. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, huipoza amigdala hatari ikishapita. Hipokampasi huifunga kumbukumbu na mahali na wakati wake, ili ubongo ujue kwamba lile lilitokea pale, siku ile. Kwa mwenye msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), yaani hofu inayoendelea kumtesa mtu muda mrefu baada ya tukio la kutisha, amigdala hupiga kelele kupita kiasi na hizo mbili nyingine hazifui dafu mbele yake. Kumbukumbu isiyofungwa vizuri na wakati wake ni kama barua isiyo na tarehe: kila ukiifungua unadhani imeandikwa leo.

Tazama basi jeraha la kichwa hupenda kuumiza wapi. Sehemu za mbele na za pembeni za ubongo zimekaa juu ya mifupa ya ndani ya fuvu yenye mabonde na kingo kali, na ubongo ukitikisika ndizo zinazosuguliwa zaidi. Ndizo hizo hizo zinazotakiwa kuituliza hofu na kuipa kumbukumbu mpaka wake. Mtu anapitia tukio la kutisha kuliko yote maishani mwake, na katika sekunde ile ile vile viungo vya kulimeza tukio hilo vinapigwa.

Wapo waliolijaribu wazo hili kwa panya. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwemo Michael Fanselow, waliwapa panya mtikisiko mdogo wa ubongo, wakawaacha siku mbili, kisha wakawafundisha kuogopa mahali fulani kwa kuwapiga shoti ndogo. Panya waliotikiswa waliogopa kupita wenzao, na amigdala zao zilikuwa na vipokezi vingi zaidi vya kuchochea, yaani milango ya seli inayopokea kemikali za kuchocheana. Panya hakuwa vitani, hadai fidia, hasomi habari za majeruhi wenzake. Kwangu mimi jaribio hilo ndilo linalolifunga lile dai kwamba hofu inayofuata jeraha dogo ni udhaifu wa moyo tu.

Dai hilo lina historia ndefu na yenye uchungu. Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya makombora kulipuka karibu nao. Mwanzoni wengi waliona ni nguvu ya mlipuko iliyotikisa mishipa ya fahamu. Halafu wakaonekana askari wenye dalili zile zile ambao hawakuwahi kuwa karibu na mlipuko wowote, na rai ikageuka: hii ni akili. Jeshi likaanza kuwagawa. Aliyeandikiwa W alihesabiwa amejeruhiwa na adui, akaruhusiwa kuvaa alama ya majeruhi. Aliyeandikiwa S alikuwa mgonjwa tu, bila heshima hiyo. Mtetemeko ule ule wa mikono, herufi mbili tofauti. Nikisoma habari hiyo naona mgawanyo ule wa ubongo na akili ulivyobeba tangu mwanzo suala la nani anastahili kuheshimiwa, na naamini haujaliacha mpaka leo. Msongo wa baada ya kiwewe uliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na kwa muda mrefu watu wa ubongo na watu wa kiwewe waliendelea kufanya kazi kila mmoja kivyake.

Vita vya Iraq viliwalazimisha kukaa meza moja. Mabomu ya kutegwa barabarani yalikuwa yakiwatikisa askari waliovaa kinga nzuri za mwili. Walipona mwilini, wakarudi nyumbani wamebadilika. Mwaka 2008 Charles Hoge na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji askari wa miguu 2,525 wa Marekani, miezi michache baada ya kurudi kutoka Iraq. Miongoni mwa waliojeruhiwa na kupoteza fahamu, asilimia 43.9 walikuwa na dalili za kutosha za msongo wa baada ya kiwewe. Kwa waliopata mkanganyiko bila kuzimia ilikuwa asilimia 27.3. Kwa waliojeruhiwa sehemu nyingine za mwili, asilimia 16.2. Kwa ambao hawakujeruhiwa kabisa, asilimia 9.1.

Ngazi hiyo ya tarakimu inashtua. Lakini sehemu ya pili ya utafiti ule ndiyo iliyozua mjadala. Watafiti walipouweka kiwewe na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwenye hesabu, uhusiano wa mtikisiko na takriban malalamiko yote ya mwili ulitoweka. Yalibaki maumivu ya kichwa. Wapo waliolichukua hilo kumaanisha kwamba mtikisiko si kitu. Mimi nalisoma tofauti. Linasema kwamba miezi baadaye, sehemu kubwa ya mateso ya aliyetikiswa inapitia kwenye kiwewe na sonona, na hayo yana tiba. Ni habari njema, ikiwa tu kuna mtu wa kuyatafuta. Halielezi kwa nini waliozimia walikuwa na kiwewe mara nyingi hivyo kuliko waliovunjika mkono katika vita vile vile.

Kasoro ya kuwahoji watu wakisharudi ni kwamba hujui walikuwaje walipoondoka. Kikosi cha majini cha Marekani kilisaidia kuliziba pengo hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, askari 1,648 walipimwa kabla ya kupelekwa vitani na miezi mitatu baada ya kurudi. Hata dalili za awali na ukali wa mapigano vilipohesabiwa, jeraha la ubongo lililopatikana huko vitani ndilo lililotabiri kwa nguvu zaidi dalili za kiwewe. Kwa wale walioondoka na dalili chache, jeraha dogo lilikaribia kuongeza uwezekano mara mbili.

Na raia? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa wa hospitali za majeruhi za Marekani, ulioongozwa na Murray Stein, uliofuatilia watu 1,155 wenye jeraha dogo la ubongo na wengine 230 walioumia mifupa na viungo bila kuumia kichwa. Kundi hilo la pili ndilo linalonivutia, maana nao walipata ajali, nao waliogopa, nao walilazwa. Baada ya miezi sita, asilimia 21.2 ya walioumia kichwa walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe au sonona kali, dhidi ya asilimia 12.1 ya wenzao. Pia ukweli mwingine ukajitokeza: waliopigwa au kushambuliwa na mtu walikuwa hatarini zaidi kuliko walioumia kwa njia nyingine. Hilo nitalirudia.

Kulikuwa na hoja moja iliyowazuia wataalamu kwa miaka mingi, na ilionekana kuwa na mantiki kabisa. Mtu asiyekumbuka tukio atateswaje nalo? Ikiwa alizimia, basi kuzimia kumemkinga. Kwa majeraha makubwa, ambapo mtu amekosa kumbukumbu ya siku nyingi, kuna ukweli ndani yake. Picha za tukio kujirudia zenyewe hupungua. Lakini katika jeraha dogo usahaulifu huwa na matobo. Mdogo wangu hakumbuki gari likipinduka. Anakumbuka harufu ya mafuta, na sauti ya mtu akisema usimsogeze. Vipande hivyo vinatosha. Zaidi ya hapo, kujifunza kuogopa hakuhitaji kumbukumbu inayoweza kusimuliwa. Amigdala inaweza kushika fundisho ambalo mdomo hauna habari nalo. Na pale penye shimo, watu hujaza. Mtu alimwonyesha kwenye simu picha ya gari lilivyobondeka. Tangu siku ile ndoto zake zilikuwa za picha ile, ikionekana kwa nje, kana kwamba alikuwa mpita njia kwenye ajali yake mwenyewe. Kama una ndugu aliyeumia, mwachie yeye aamue lini anataka kuona na kusikia, na asilazimishwe.

Kuzitenganisha dalili si kazi rahisi, na sidhani kama kila mara inawezekana. Kizunguzungu, kuchomwa na mwanga na kichefuchefu vinaelekea zaidi upande wa pigo. Jinamizi la tukio lenyewe, kukwepa mahali na vitu vinavyolikumbusha, na kukaa chonjo kana kwamba hatari iko mlangoni, vinaelekea upande wa kiwewe. Usingizi, hasira, usahaulifu, kushindwa kutulia kwenye kazi: hizo ni za pande zote mbili. Kinachosaidia zaidi ni kuangalia mwendo wake. Dalili za mtikisiko huanza mara moja na kushuka kadiri siku zinavyokwenda. Za kiwewe zinaweza kuchelewa na kupanda, na ugonjwa wenyewe hauthibitishwi mpaka mwezi mmoja upite. Mgonjwa ambaye alikuwa anapata nafuu, kisha akaanza kurudi nyuma katika mwezi wa pili, anahitaji kuulizwa kuhusu hofu hata kama alikuja kulalamikia kichwa.

Nilisema majeraha haya yanalishana, na usingizi ndipo hilo linapoonekana vizuri. Mtikisiko unavuruga usingizi. Asiyelala vizuri hapati nafasi ya ubongo kuyapanga ya jana, na hofu aliyokuwa ameanza kuizoea inarudi mbichi. Hofu inaleta majinamizi, majinamizi yanakata usingizi, asubuhi kichwa kinauma zaidi, na maumivu yenyewe yanamkumbusha ajali. Ndani ya mduara huo hakuna maana ya kuuliza nani alianza. Unaukata popote unapoweza kuufikia.

Na unaweza kuukata. Hapa ndipo ninapotamani sauti yangu ifike mbali. Ushauri wa zamani wa kumlaza mtu gizani mpaka dalili zote ziishe umeachwa. Leo hushauriwa apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli nyepesi kidogo kidogo, akipunguza zikimzidi. Kwa mwenye hofu, chumba chenye giza kwa majuma mengi ni mafunzo ya kukwepa. Tiba ya mazungumzo inayolikabili tukio lenyewe, ambapo mtu analisimulia tena na tena akiwa salama na kurudi taratibu kwenye yale anayoyaepuka, inawasaidia pia walioumia ubongo kidogo. Richard Bryant wa Australia alionyesha hivyo mwaka 2003, kwa kundi dogo la wagonjwa 24: vikao vitano tu, vilivyotolewa mapema baada ya jeraha, viliwapunguza wale walioishia na msongo wa kudumu. Kuogopa kwamba ubongo uliotikiswa hauwezi kuhimili tiba hiyo ndiko kulikotufungia mlango sisi, na wengine wengi.

Mtaalamu aliyempokea hatimaye mdogo wangu alirekebisha mambo madogo tu. Vikao vifupi, mapumziko katikati, na kila kitu kuandikwa kwenye daftari ili kisipotee njiani kurudi nyumbani. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu alizikataa, kwa sababu hazitibu kiwewe na zinaziba kumbukumbu ambayo tayari inayumba. Maumivu ya kichwa yalitibiwa kama maumivu ya kichwa, sambamba, bila kusubiri. Leo kichwa bado kinamuuma akichoka. Lakini analala, na kiti cha mbele anakaa.

Kwa aliyegonga kichwa leo, hayo yote yanaweza kungoja. Akitapika tena na tena, akisinzia usingizi usioamshika, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maumivu yakizidi kila saa, arudishwe hospitali upesi.

Nimalizie na wale waliopigwa na mtu. Mengi tunayoyajua tumeyapata kwa askari, kwa wanamichezo na kwa majeruhi wa ajali, kwa sababu hao wana makamanda, makocha na polisi wa barabarani wa kuandika kilichotokea. Anayepigwa nyumbani hana mwandishi. Anapigwa kichwani, anakabwa koo hadi hewa inakata, na hutokea tena kabla ubongo haujarudi kwenye mizani. Akienda kushtaki, maelezo yake yanarukaruka: anasahau lipi lilitangulia, anachanganya siku, analia pasipotarajiwa au halii kabisa. Anaonekana mwongo. Hata hivyo maelezo ya namna hiyo ndiyo hasa ambayo ubongo uliotikiswa na kuogopeshwa kwa wakati mmoja ungeyatoa. Na kwake hofu haijawa ya baada ya tukio, kwa kuwa aliyempiga bado ana funguo za mlango. Muuguzi, askari wa dawati au mshauri anayempokea aulize kama amewahi kupigwa kichwani au kukabwa, mara ngapi, na kama alizimia. Aulize kuhusu usingizi na ndoto. Kabla ya hayo yote aulize kama atakapolala usiku wa leo ni salama, maana hakuna tiba ya kiwewe inayoweza kuanza chini ya paa lile lile.